Je, Mate Yaweza Kutueleza Hali ya Homoni Zetu?

Katika semina za afya tunazofanya na vikundi vya akina mama, swali la homoni haliishi. Zamani liliulizwa kwa kunong'ona, mwishoni kabisa, wakati wengine wameshatoka kwenda kunywa chai. Siku hizi linaulizwa waziwazi, tena limekuja na jambo jipya: "Sista, ni kweli mtu anaweza kutema mate katika kichupa, yakapelekwa maabara, akaambiwa homoni zake zote zilivyo?" Wanaouliza wameona tangazo katika simu, au wana binti ama wifi anayeishi Marekani, ambako vifaa vya kujipima mate huagizwa na kuletwa nyumbani kwa posta. Mama hujaza kichupa, hukirudisha, na baada ya siku kadhaa hupata karatasi yenye rangi, namba, na mishale ya kupanda na kushuka.

Sisi wauguzi hatupendi kumkatisha mtu tamaa, hasa mama aliyekosa usingizi kwa miezi sita na ambaye kila anakokwenda anaambiwa, "Ni umri tu, zoea." Karatasi ile inampa kitu alichokikosa kwingine: inaonekana kama imemsikiliza. Kwa hiyo hatuicheki. Tunataka kueleza mate yanaweza kusema nini kwa kweli, na wapi hayana la kusema, maana tumemwona mama aliyeponea chupuchupu kwa kuiamini karatasi kuliko dalili za mwili wake.

Homoni zinafikaje katika mate

Homoni ni kama tarishi. Tezi humtuma, damu humbeba, na kiungo kilicho mbali hupokea ujumbe. Kotisoli, kwa mfano, hutoka katika tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo. Estrojeni na projesteroni za mwanamke hutoka zaidi katika ovari, vile vifuko viwili vya mayai. Homoni za jamaa hii zikiwa ndani ya damu, nyingi husafiri zikiwa zimeshikwa na protini, kama abiria waliokaa ndani ya basi. Sehemu ndogo tu hutembea huru, na hiyo ndiyo inayoingia katika viungo na kufanya kazi. Hiyo hiyo hupenya pia tezi za mate na kutokea kinywani.

Basi hakuna uongo katika msingi wa jambo hili. Homoni zimo katika mate, na zilizomo ni zile zilizo huru. Wanasayansi wameyapenda mate kwa sababu hayahitaji sindano, mtoto hawezi kuyaogopa, na mtu anaweza kuyatoa nyumbani kwake hata usiku wa manane.

Mama mmoja alituuliza kwa akili sana: "Mbona kipimo cha UKIMWI cha kujipima nyumbani kinatumia kinywa, na tunakiamini?" Ni kweli, hapa Tanzania sheria ilirekebishwa mwaka 2019 kuruhusu watu kujipima wenyewe, na kijiti cha kipimo kile hupitishwa kwenye fizi. Lakini kijiti kile kinauliza swali moja tu: kingamwili zipo au hazipo? Na hata hivyo, jibu likiwa "zipo", ni lazima mtu aende kituoni kuthibitisha kwa damu. Kipimo cha homoni kinauliza swali gumu zaidi. Homoni kila mwanamke anazo. Kinachotakiwa ni kujua zipo kiasi gani, saa hii, siku hii ya mwezi, na kama kiasi hicho kina maana yoyote.

Na kiasi chenyewe ni kidogo mno. Estrojeni katika mate huhesabiwa kwa kipimo kiitwacho pikogramu. Pikogramu 1 katika mililita 1 ni sawa na kuchukua gramu 1 ya sukari, ambayo haifiki hata nusu kijiko cha chai, na kuikoroga katika maji lita bilioni 1. Hayo ni malori 100,000 ya maji, kila lori likiwa na lita 10,000. Mama aliyekoma hedhi ana kiasi kama hicho au pungufu katika mate yake. Mashine za kisasa zinajitahidi kukiona, lakini katika kiasi kidogo namna hiyo kosa dogo hugeuka kuwa kubwa.

Makosa yenyewe hayako mbali. Damu ina homoni nyingi zaidi ya mate, kwa hiyo fizi zikitoka damu kidogo tu sampuli imeharibika. Katika kliniki zetu fizi zinazotoka damu tunaziona kila siku, na kwa wajawazito ndiyo zaidi. Ndiyo maana mtu huambiwa asipige mswaki wala kula kabla ya kutoa mate. Pamba ya kunyonyea mate nayo huvuruga vipimo vya baadhi ya homoni. Na mama aliyejipaka krimu ya homoni asubuhi, kisha akafungua kichupa kwa vidole vile vile, anaweza kupima krimu badala ya kujipima mwenyewe.

Mahali ambapo mate yanafaa kweli

Ipo homoni moja ambayo mate yamejipatia heshima kwayo, nayo ni kotisoli. Kwa mtu mwenye afya anayelala usiku, kotisoli hupanda sana asubuhi anapoamka, hushuka mchana kutwa, na karibu na saa sita usiku huwa chini kabisa. Kuna ugonjwa uitwao Cushing ambao kotisoli ndani yake haishuki usiku. Uso hujaa na kuwa wa duara kama mwezi, tumbo hukua huku mikono na miguu ikikonda, michirizi mipana ya rangi ya zambarau hujitokeza tumboni, ngozi huvilia damu kwa kuguswa tu, na mtu hushindwa kuinuka kwenye kigoda bila kushika kitu. Shinikizo la damu na sukari navyo hupanda.

Kumpima mtu huyu kotisoli ya saa sita usiku kwa sindano kungetaka alazwe, na kuamshwa kwa sindano peke yake kunatosha kuipandisha. Mate yanamaliza tatizo hilo. Mgonjwa yuko nyumbani, ametulia, anatoa mate kabla ya kulala, anarudia usiku mwingine, na kupeleka vichupa asubuhi. Tangu mwaka 2008 mwongozo wa chama cha wataalamu wa homoni chenye makao Marekani, Endocrine Society, unakitaja kipimo hiki kuwa miongoni mwa vipimo vya kwanza vya ugonjwa huo. Katika hospitali zetu nyingi bado hakipatikani, na madaktari hutumia mkojo wa saa 24, au damu ya asubuhi baada ya mgonjwa kumeza kidonge cha deksamethazoni usiku. Hata mahali kipimo hiki kinapopatikana, hakimfai mfanyakazi wa zamu za usiku. Sisi tuliozoea kukesha wodini tunalijua hilo mwilini: saa sita usiku yetu ni mchana.

Hapa tunataka tuseme jambo linalotuhusu kwa karibu zaidi. Katika mitaa yetu, mwanamke mwenye uso wa duara na michirizi mipana huenda hana uvimbe wowote wa tezi. Huenda anajipaka mkorogo. Krimu nyingi za kujichubua zina klobetasoli, dawa kali ya jamii ya kotisoli, ambayo mtu akiipaka mwili mzima kwa miezi huingia katika damu. Wengine humeza vidonge vya deksamethazoni walivyonunua dukani ili wanenepe na kupendeza. Mwili ukiona dawa imejaa, huacha kutengeneza kotisoli yake. Mama huyu akipima mate, karatasi inaweza kuonyesha kotisoli yake iko chini, akaambiwa tezi zake "zimechoka" na kuuziwa vidonge vya kuziamsha, wakati uso wake unasema dawa imezidi. Karatasi haijui anapaka nini. Muuguzi atakayemuuliza kwa upole atajua.

Na hayo maneno ya tezi "kuchoka" tuyaseme kidogo, maana ndiyo yanayouza vipimo vingi vya mate. Jina hilo lilitungwa mwaka 1998 na Mmarekani James Wilson. Wataalamu wa homoni hawautambui kuwa ugonjwa. Upo ugonjwa wa kweli wa tezi za juu ya figo kushindwa kazi, nao unaua, lakini huthibitishwa kwa damu hospitalini. Mama anayelala saa saba usiku na kuamka saa kumi kuwasha moto, kuandaa watoto na kwenda sokoni, amechoka. Hahitaji kutema mate ili ajulikane.

Karatasi ya kukoma hedhi

Sasa tuje kwenye jambo linaloulizwa zaidi, yaani estrojeni na projesteroni kwa mama anayekaribia kukoma hedhi.

Habari hii ilianzia Marekani. Katika miaka ya 1990 daktari John R. Lee aliandika na kuhubiri kwamba matatizo mengi ya akina mama wa umri huo yanatokana na upungufu wa projesteroni, na kwamba krimu ya projesteroni ya kupaka ndiyo tiba. Alipendekeza mate yatumike kupima. Kisha mwezi wa Julai 2002 ukaja mshtuko. Uchunguzi mkubwa wa serikali ya Marekani, ambao katika sehemu yake moja wanawake 16,608 walikuwa wakilinganishwa, baadhi wakipewa vidonge vya estrojeni pamoja na projestini na wengine vidonge visivyo na dawa, ulisimamishwa kabla ya wakati. Saratani ya matiti ilikuwa imeongezeka kwa waliotumia dawa, na kiharusi pia. Mamilioni ya wanawake waliogopa wakaacha vidonge vya daktari. Joto la ghafla na kukosa usingizi havikuwaacha, na wengi wao wakakimbilia dawa zilizochanganywa kwa ajili ya kila mtu, "za asili", zikipimiwa kwa mate. Ilisikika vizuri: dozi yako peke yako, kutokana na mate yako mwenyewe.

(Baadaye uchambuzi wa takwimu zile zile ulionyesha kwamba kwa mama mwenye afya aliye chini ya miaka 60, au aliye ndani ya miaka 10 tangu akome hedhi, faida ya tiba ya homoni kwa dalili kali mara nyingi huzidi hatari yake. Lakini hofu hukimbia kuliko masahihisho.)

Tatizo la dozi ya mate ni kwamba namba haifuatani na hali ya mama. Katika miaka ya kuelekea kukoma hedhi, ovari hufanya kazi kwa kustukiza. Wiki hii estrojeni iko juu kuliko ya msichana, wiki ijayo imeporomoka. Kichupa kimoja cha Jumanne hakiwezi kusimulia hayo. Ndiyo maana chama cha madaktari wa uzazi cha Marekani, ACOG, hakikubali mate yatumike kupanga dozi. Nchini Uingereza mwongozo wa mwaka 2015 wa taasisi ya NICE uliwaambia madaktari kwamba mwanamke mwenye afya aliyevuka miaka 45 mwenye dalili za kukoma hedhi atambuliwe kwa dalili zake na mwenendo wa hedhi yake, bila kupimwa homoni, hata za damu. Tunalipenda agizo hilo, maana linamfaa mama wa kijijini sawasawa na wa London.

Krimu nayo ina kisa chake. Mwaka 2000 daktari Barry Wren na wenzake wa Australia walichapisha matokeo ya wanawake waliokoma hedhi waliopewa estrojeni pamoja na krimu ya projesteroni. Projesteroni katika mate ilipanda sana, tena kwa kutofautiana mno kati ya mtu na mtu. Katika damu ilibaki kidogo. Nayo ngozi ya ndani ya kizazi, ambayo projesteroni inatakiwa kuilinda, haikuonyesha kwamba imefikiwa na dawa. Hapo ndipo hatari ilipo. Mwanamke mwenye kizazi akitumia estrojeni bila ulinzi wa projesteroni ya kutosha, ngozi ile hunenepa, na baada ya muda yaweza kugeuka saratani. Mate yanamwambia amejaa ulinzi, kizazi hakijaupata.

Mama mmoja wa miaka 54, tunayemfahamu kutoka kikundi cha akina mama, alikwenda Marekani kumsaidia binti yake aliyejifungua. Alikaa miezi sita akilea mjukuu. Hedhi yake ilikuwa imekoma miaka mitatu. Kule akaanza kuona madoadoa ya damu, akaona aibu kumwambia binti, tena mambo ya hospitali za kule ni ghali. Rafiki wa binti akamletea kipimo cha mate. Karatasi ikaja ikisema projesteroni iko chini (kwa mama wa miaka 54 itakuwa wapi?) na kwamba estrojeni "imetawala". Akanunua krimu. Damu ikatulia, ikarudi, ikatulia.

Aliporudi nyumbani alitujia baada ya ibada, karatasi ikiwa imekunjwa vizuri ndani ya Biblia. "Sista, nisomee hii, nione kama niongeze krimu." Tuliisoma yote kwa heshima, kisha tukamuuliza, "Mama, damu hii ilianza lini?" Alinyamaza kidogo. Alikuwa ametoka damu kwa miezi saba na hakuna aliyewahi kumuuliza swali hilo, maana kipimo hakina mdomo. Wiki ile ile tulikwenda naye hospitali. Daktari alichukua kipande cha ngozi ya kizazi, na majibu yakaonyesha imenenepa kupita kiasi na chembe zake zimeanza kubadilika. Akatolewa kizazi. Daktari alisema angekuja baada ya mwaka mmoja mazungumzo yangekuwa mengine.

Mama aliyekaa miezi 12 bila hedhi kisha akaona damu, hata tone, hata ya rangi ya maji ya nyama, aende hospitali wiki hiyo hiyo. Mara nyingi haitakuwa saratani. Lakini saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, na ile ya ndani ya kizazi nayo hujitangaza kwa damu. Kipimo cha mlango wa kizazi kwa kutumia siki hufanyika katika vituo vingi, huchukua dakika chache, na mama hupata jibu kabla hajashuka kitandani.

Kwa upande mwingine, yapo mambo yanayojifanya "homoni za umri" na hugunduliwa kwa vipimo vya bei ndogo. Moyo kwenda mbio na uchovu vyaweza kuwa upungufu wa damu, hasa kwa anayetoka hedhi nzito. Jasho na kukonda vyaweza kuwa tezi ya shingoni, na jasho la usiku pamoja na kikohozi yaweza kuwa kifua kikuu. Hedhi iliyokatika kwa mama wa miaka 44 yaweza kuwa mimba; wapo waliokuja kupimwa ukomo wa hedhi wakarudi nyumbani na kadi ya kliniki ya wajawazito, na wengine wamecheka sana kuliko waume zao. Anayekoma hedhi kabla ya miaka 50 ashauriwe kuendelea na uzazi wa mpango kwa miaka miwili tangu hedhi ya mwisho. Aliyevuka 50, mwaka mmoja.

Yule ambaye hedhi yake inakatika kabla ya miaka 40 ndiye anayehitaji kweli kupimwa homoni, lakini kwa damu, kwa sababu mifupa na moyo wake vitakosa estrojeni mapema na anahitaji tiba ya daktari.

Kwa wengine wote tunapendekeza daftari la watoto la kurasa 48. Andika siku ya hedhi kuanza na kuisha, nguo ulizobadili, usiku ulioamka umelowa jasho, na maumivu wakati wa tendo la ndoa kama yapo. Hilo la mwisho akina mama hulificha, na ndoa nyingi zimepoa kwa ajili yake, wakati ukavu huo una dawa ya kupaka ukeni inayofanya kazi vizuri. Miezi mitatu ya daftari hilo humsaidia daktari kuliko kichupa. Dozi ikianzishwa, hupandishwa au kushushwa kwa kuangalia kama unalala na kama joto limepungua.

Na aliyekwisha kujipima mate asiitupe karatasi kwa aibu. Aje nayo, na krimu zote, na vidonge vyote, hata vile vya mkorogo anavyovificha chini ya godoro. Aliyetumia klobetasoli au deksamethazoni kwa muda mrefu asiache ghafla kwa hofu ya makala haya. Apunguziwe taratibu na daktari, kwa sababu tezi zake za juu ya figo zimeacha kutengeneza kotisoli, na zaweza kuchukua wiki nyingi hata miezi kabla ya kurudi kazini.